Mkono Uliobaki Begani

Chumba cha ushonaji, nyuma ya duka la viatu
3 Februari

Kasuku wangu,

Natumaini unaendelea vizuri, unakula chakula cha maana, na yule mwenye nyumba wako hajaanza tena tabia yake ya kukata maji. Sisi hatujambo. Mzee, mume wangu, yupo na kipenga chake cha urefa. Wiki iliyopita alikwenda kuchezesha mechi mji wa jirani, mechi ya dakika tisini, akarudi baada ya siku mbili akinukia sabuni ambayo humu ndani hatuna. Nilimpa chakula, akala. Goti langu la kanyagio linanisumbua kidogo, lakini sare za shule zimefululiza, kwa hiyo goti limeambiwa lisubiri.

Mzigo wako umefika na basi, asante sana. Watu wengine hupenda gazeti likiwa jipya. Mimi nayapenda yale yaliyokosa wanunuzi, maana ndiyo karatasi yangu ya kukatia. Nachora kola, nachora mikono, nakata, ndipo nalaza juu ya kitambaa. Wewe mwenyewe ulijifunzia kusoma chini ya meza yangu, kwenye vipande vya magazeti, ndiyo maana mpaka leo unasoma habari ukianzia katikati.

Sasa niseme lililonifanya niweke mkasi chini na kushika kalamu. Juzi nilitandika ukurasa wa saba nikate kola. Nikaona jina lako. Nikafurahi, nikasema huyu ni mwanangu, ngoja nisome kwanza. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: PETE YA UKIMWI YAGONGA MWAMBA. Chini kuna picha ya benchi la kliniki yetu, na wanawake wawili waliozibwa macho kwa mstari mweusi. Pembeni kuna mkono wa mtu mwingine, umewekwa begani kwa yule wa kulia. Na maneno ya picha yanasema: "Baadhi ya waathirika wakisubiri huduma."

Waathirika! Kasuku, nani kawaambia wale ni waathirika? Hao ni wanawake wa utafiti wa pete, ile pete laini ambayo mwanamke anaivaa ndani mwezi mzima imkinge na virusi, bila kumwomba mtu ruhusa. Hakuna anayepewa pete ile kabla ya kupimwa na kukutwa hana virusi. Unajua wewe. Umeandika wewe!

Yule wa kulia ni Mama Pacha, mwenzangu hapa chumbani, anayetia vifungo na kupiga pasi. Mstari mweusi umeficha macho, gauni hamkulificha. Gauni lile la haradali lenye kola nyeupe nimelishona mimi, hakuna la pili mji mzima, na kitambaa chake alikinunua mumewe mwenyewe. Na mumewe ni nani? Kinyozi. Gazeti lenu linasomwa kwenye kiti chake kuanzia asubuhi. Mteja mmoja, povu mashavuni, akamwonyesha: "Huyu si mama watoto wako?"

Jioni ileile vitu vya Mama Pacha vilikuwa nje. Sasa analala hapa chumbani na pacha wake, kati ya cherehani na meza ya pasi.

Nataka gazeti lenu liseme kweli. Palepale ukurasa wa saba, kwa herufi zilezile kubwa. Nasubiri.

Shangazi yako


21 Februari

Shikamoo shangazi,

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za ofisi, nikaisoma tena chooni, ndiko kunakofungika mlango. Pole na goti. Mimi sijambo. Maji yanatoka siku moja na kupumzika siku moja. Baba amenipigia, anasema dawa za presha anakunywa, ingawa alivyolisema ni kama mtoto anayesema amepiga mswaki. Wewe mwenyewe u mzima kabisa? Naomba unijibu hilo vizuri, usiniruke.

Shangazi, nimeumia. Mpe Mama Pacha pole yangu, ingawa najua pole haimrudishi nyumbani.

Nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Mwandishi haandiki kichwa cha habari, wala maneno ya chini ya picha. Hiyo ni kazi ya mhariri wa ukurasa. Wetu tunamwita Mkasi. Mimi nilimpa habari kamili. Niliandika kwamba waliovaa pete bila kuivua walikingika zaidi kuliko wasiokuwa nayo, na kwamba matokeo ya jumla yameshuka kwa sababu wengine walikuwa wanaivua, na nikaeleza kwa nini waliivua: hofu ya waume, maneno ya mtaani. Hayo niliyaweka mwishoni, nikidhani msomaji ataondoka nayo.

Saa kumi likaja tangazo la magodoro. Tangazo likija, Mkasi hasomi, anakata kuanzia chini mpaka nafasi itoshe. Kwa hiyo sehemu nzima ya waliokingika imekaliwa na godoro. Kilichobaki ni kwamba matokeo hayakufikia matarajio, na hapo ndipo akapata mwamba wake. Kabla ya ukurasa wa afya alikuwa wa michezo. Kwake kila kitu kimefungwa au kimefunga.

Nimemweleza, na nimeandika ombi la masahihisho. Amesema ataliangalia. Mkataba wangu bado ni wa majaribio, shangazi, kwa hiyo naongea naye kwa adabu. Nipe muda.

Magazeti ya safari hii ni mengi, nimeyachagua yenye kurasa safi.

Mwanao, Kasuku


14 Machi

Kasuku,

Mimi ni mzima, umeuliza nimekujibu. Mzee naye mzima, amechezesha fainali na kupigwa na chupa, hakuumia. Baba yako mpelekee dawa mwenyewe na umtazame akimeza.

Nimepokea mizigo miwili. Nimefungua gazeti moja baada ya jingine hapa sakafuni, nikiwa nimepiga magoti, goti lenyewe unalijua. Nimeona mbunge kamwomba radhi mbunge mwenzake. Nimeona mmesahihisha umri wa mchezaji. Ukurasa wa saba hakuna kitu.

Ngoja nikuambie mambo yalivyo huku wakati Mkasi anaangalia. Muuguzi wa kliniki anasema siku ya kubadilisha pete benchi lilikuwa nusu tupu. Aliwafuata wengine majumbani. Mmoja alimwambia mlangoni, "Sista, hata gazeti limesema haifanyi kazi." Mwingine aliogopa kupita tu mbele ya kliniki, asije akapigwa picha. Watu waliokuwa wamejikinga wamevua. Ninyi mliandika kwamba pete imeshindwa, na kwa kuandika hivyo ndiyo mnaishindisha. Nakasirika mpaka uzi unanikatikia mkononi.

Mama Pacha ameitoa yake na kuitupa chooni. Nilimgombeza. Akaniambia, "Dada, itanikinga na nini? Kuvunjikiwa na nyumba nimeshavunjikiwa." Na mumewe anatuma watu kwamba anataka wayamalize, atakuja mwenyewe kumchukua usiku, kimyakimya, majirani wasione. Huyo kinyozi hajapima hata siku moja. Kamfukuza mwenye cheti cha kupima, na yeye mwenyewe hana. Kwenye habari yenu nimetafuta mahali mlipomuuliza mwanamume swali. Nimewaona wanawake, benchi, daktari na godoro. Mwanamume hayumo. Virusi hivyo basi vinaletwa na upepo?

Jambo jingine. Yule mpiga picha wenu aliwaahidi watu pale kliniki, kwa mdomo wake, kwamba hakuna atakayejulikana, na baada ya kupiga aliwaonyesha picha kwenye kamera. Mle kwenye kamera benchi lilikuwa na watu watatu. Gazetini wako wawili na mkono. Hebu uliza ofisini kwenu, huyo wa tatu alikwenda wapi?

Shangazi


5 Aprili

Shikamoo shangazi,

Natumaini nyote wazima. Baba nimempelekea dawa, amemeza mbele yangu na kunitazama kama polisi. Mimi nimehamishiwa dawati la asubuhi, ndiyo maana nimechelewa kuandika.

Masahihisho yametoka. Nimekukunjia ukurasa wenyewe, uko juu kabisa ya mzigo, ukurasa wa ishirini na mbili, chini ya matangazo ya viwanja. "Katika toleo letu la mwezi Januari, neno waathirika lisomeke washiriki. Tunasikitika kwa usumbufu." Najua ni dogo. Nililipigania, shangazi. Mkasi alitaka hata lile la kusikitika litolewe, eti linakula mstari.

Naomba sasa tuliache. Si kwamba sioni uchungu. Ukilipeleka mbele zaidi, ukaja ofisini kama ulivyomwambia baba, wataitoa picha upya na kuanza kuichunguza, na mtu atauliza ule mkono ni wa nani. Mji wenu ni mdogo. Fikiria na nyumbani kwako.

Mama Pacha nimemtafutia mahali kwa rafiki yangu, kama atapenda kuja huku kwa muda.

Kasuku


12 Aprili

Kasuku,

Leo salamu utazikuta mwishoni.

Usumbufu! Mwanamke ametupwa nje na watoto wawili, wenzake wamevua kinga yao kwa woga, na gazeti linasikitika kwa usumbufu, chini ya viwanja. Nimemsomea Mama Pacha. Aliendelea kupiga pasi suruali ileile mpaka nikamwondolea.

Sasa tuongee, mimi na wewe. Kwenye barua yangu ya kwanza nilikutajia mkono ulio pembeni ya picha. Hukuniuliza ni wa nani. Wewe, ambaye tangu ukiwa na meno ya utotoni hukuacha mtu apite bila kumuuliza anatoka wapi, unaambiwa kuna mkono na huulizi. Ulichouliza ni kama mimi ni mzima kabisa, nikujibu vizuri. Na sasa unaniambia nifikirie nyumbani kwangu.

Hukuuliza kwa sababu uliujua. Kwenye mkono ule kuna bangili ya bibi yako, uliyokuwa ukiizungusha mpaka usingizi ukuchukue. Basi nikuandikie wazi, ulisome kwa macho yako: mimi ni mshiriki wa ule utafiti. Ninayo pete na sijaivua hata siku moja. Sina virusi na sitaki kuvipata. Na mume wangu anachezesha mechi za siku mbili. Kuna la kuongeza hapo?

Watu wanashangaa mwanamke wa umri wangu anatafuta nini pale na wasichana. Natafuta kuzeeka salama. Kumwambia Mzee avae mpira niliwahi, akaniuliza kama namwona yeye ni kijana wa mtaani. Pete haimuulizi. Ndiyo sababu naipenda, na ndiyo sababu gazeti lililosema imegonga mwamba limenichoma hivi.

Unajua Mzee aliiona ile picha? Aliiona palepale kwa kinyozi, akaja kunisimulia, akatikisa kichwa akasema wanawake wa siku hizi. Mkono umempikia miaka yote hii na hakuutambua.

Basi sikiliza. Kwamba nilikaa kwenye benchi lile sitaficha tena. Njoo na mpiga picha wako. Sura yangu iwekwe yote, bila mstari mweusi. Mama Pacha nimemuuliza, amesema yeye kwenye karatasi yenu haonekani tena mpaka anakufa, na asibembelezwe. Basi nitaonekana peke yangu. Na kabla hujaja nijibu kitu kimoja tu: aliyenikata pichani ni nani?

Tupo salama. Goti hivyohivyo.

Shangazi


19 Mei

Shikamoo shangazi,

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Nimeanza majibu mengi na kuyachana. Natumaini mko salama, na kwamba mvua haijaingia chumbani kwa mlango ule wa nyuma.

Nilikwenda kwa mhariri mkuu moja kwa moja, bila kumpitia Mkasi. Akaniambia habari ile imeshazeeka. Nikamwambia mpya ninayo: mwanamke mtu mzima, mwenye mume, anayekubali kuonekana uso na kueleza kwa kinywa chake. Akaniuliza kama ana uhakika. Nikamwambia, mheshimiwa, huyu mama akiwa na uhakika hata mvua hupisha. Akakubali ukurasa wa saba.

Safari hii nimeiandika kichwa chini miguu juu. Yale ya waliokingika na sababu za wengine kuivua yako juu kabisa, na swali lako kuhusu wanaume linafuata. Chini nimejaza hotuba za wakubwa waliofungua semina. Tangazo likija, Mkasi akate anavyotaka. Nitamsaidia kushika karatasi.

Kichwa cha habari nimekiandika mimi, na nimemwambia mhariri mkuu kwamba kikibadilishwa jina langu liondolewe. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Hawajaniambia kitu.

Nakuja Jumamosi na mpiga picha, yuleyule, nimemtaka yeye hasa. Kuhusu swali la mwisho wa barua yako, tutaonana.

Mwanao


12 Juni

Kasuku wangu,

Hatujambo, tunashukuru. Pole na safari, nimesikia basi lenu liliharibika mkalala njiani. Baba yako kanipigia, amelisoma gazeti na amelia, kisha akasingizia vitunguu. Mvua imeingia kweli, sare tatu zimelowa, tumezianika juu ya cherehani.

Ukurasa wa saba nimeuona. "SINA VIRUSI, NA PETE NINAYO," na uso wangu chini yake, mkubwa kuliko nilivyotaka, nimekunja uso kama mtu anayedai. Nimesoma mpaka chini. Hotuba za wakubwa zimekatwa zote, na mahali pake kuna tangazo la mabati. Nilicheka peke yangu mpaka Mama Pacha akaja kuangalia.

Mzee alilisoma mezani, taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza aliniuliza, "Sasa watu watanionaje mimi?" Hakuuliza ninavyojisikia, hakuuliza tangu lini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nafasi ni ndogo, watakuwa wamemkata. Amehamia chumba cha wageni na kipenga chake. Usinipe pole. Nalala katikati ya kitanda.

Kliniki nilikwenda siku ya kubadilisha, mchana kweupe. Benchi halijajaa kama zamani, sikudanganyi, wengine hawatarudi tena, na hilo sitawasamehe ninyi. Lakini waliokuwepo walinipisha katikati. Mama Pacha alikuja nyuma yangu. Amepima tena, yuko salama, amevaa nyingine. Mumewe alifika chumbani Jumanne na gazeti kwapani, amenyoa vizuri, anataka mke wake arudi nyumbani, sasa mchana. Mama Pacha hakuinua macho kwenye vifungo. Akamwambia, "Kapime kwanza, ndipo uje tuongee." Mpaka leo hajarudi, na sijui kama ni kinyongo au foleni.

Sasa wewe. Ulikaa kwangu siku nzima, ukala, ukanisaidia kukata kola mbili, na hukusema. Sikukuuliza mbele ya wageni. Mpiga picha alinieleza mwenyewe ulipotoka kununua soda, akidhani ananisifia mwanangu. Alisema ulimwomba apunguze upande wa kulia kabla picha haijakwenda kwa Mkasi, na kwamba mkono haukuweza kutoka bila kumkata Mama Pacha bega, ndiyo maana ukabaki.

Ulitaka kuniokoa, najua. Nakupenda kwa hilo pia. Lakini uliikagua picha ile, ukaona hatari iliyomo, ukaniondoa mimi, ukamwacha mwenzangu amekaa pale na gauni nililomshonea. Wewe ulikuwa wa kwanza kuona, kabla ya kinyozi, kabla ya mteja wake mwenye povu. Mama Pacha hajui. Utakuja umwambie mwenyewe, na si kwa barua.

Ule mkono niliuweka begani kwake kwa sababu siku ile alikuwa anaogopa kamera. Nilimwambia, tulia, tuko pamoja. Siku nyingine ukiukuta mkono wangu begani kwa mtu, tuache wote, au tutoe wote.

Shangazi yako